Bakteria anajuaje kwamba shaba imezidi?

SWALI

Jambo Papa Profesa. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari, komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nilikuwa nafundisha somo la jeni, nikasema kwamba bakteria wa udongo wetu wana jeni za kujikinga na shaba, na kwamba jeni hizo hufunguka pale tu shaba inapozidi. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, bakteria hana macho, hana ulimi, hana ubongo. Anajuaje kwamba shaba imezidi? Na huku kwetu shaba iko kila siku, mbona jeni hizo hazibaki wazi tu?" Mwenzake akaongeza: je, bakteria hao wanaweza kutusafishia udongo tunamolima lengalenga (mchicha)? Niliwaahidi jibu. Nisaidie nisije nikawadanganya watoto. Aksanti.

JIBU

Mama Mwalimu, mpe kwanza msichana huyo salamu zangu. Swali lake la pili ni zito kuliko la kwanza, na wengi wetu tunaofundisha fani hii tunaliruka. Nitaanza na la kwanza kwa sababu bila hilo la pili halieleweki.

Lakini kuna neno ambalo ni lazima tuliweke sawa mapema, kwa sababu linawachanganya wanafunzi wangu kila mwaka. Tunasema "bakteria wamezoea shaba", na neno hilo kuzoea tunalibebesha mambo mawili yasiyofanana. Jambo moja ni hili: bakteria mmoja, katika maisha yake mwenyewe, anakutana na shaba na ndani ya dakika chache anaanza kutengeneza pampu za kuitoa. Hapo hakuna jeni iliyogeuka. Jeni alizorithi zilikuwa zimefungwa, sasa zinasomwa. Jambo lingine ni la vizazi: wasio na jeni hizo wanakufa, walio nazo wanazaana, na mwishowe udongo unajaa walio nazo. Hilo la vizazi limefanyika hapa Katanga kwa muda mrefu sana. Vilima vya shaba ambavyo miti inakataa kuota, vyenye maua madogo ya zambarau ambayo wahunzi wa kale waliyafuata ili kupata malakiti, jiwe lenye shaba ndani yake, vilikuwepo kabla ya mtu yeyote kuwasha tanuru. Halafu tangu 1911, kiwanda cha Lubumbashi kilipomimina shaba yake ya kwanza, pepo za kusini-mashariki zilibeba moshi wake hadi eneo la Penga Penga na kumwaga huko shaba, zinki, risasi na kadimi. Msichana wako lakini anauliza kuhusu bakteria mmoja na dakika zake chache. Tubaki hapo.

Shaba si sumu tupu. Bakteria wengi wanaovuta oksijeni wanaihitaji, maana baadhi ya vimeng'enya vya kupumulia vina atomu za shaba katikati yake. Ubaya wa shaba ni kwamba inang'ang'ania. Ukizipanga metali ambazo seli inazitumia, manganizi, chuma, kobalti, nikeli, zinki na shaba, kwa kuangalia ni ipi inayoshikamana na protini kwa nguvu zaidi, shaba inazishinda zote. Wakemia wanauita mpangilio huo kwa majina ya Irving na Williams. Kwa hiyo shaba ikiachwa itembee huru ndani ya seli itakaa kwenye viti vya wengine, na haitaondoka. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Macomber na Imlay, walionyesha kwamba ndani ya bakteria wa utumboni aitwaye E. coli, shaba inavunja vimeng'enya vyenye vishada vya chuma na salfa, hasa vile vinavyohitajika kutengeneza baadhi ya amino asidi, kama lusini. Seli inaacha kukua kwa kukosa lusini. Nilipofundishwa mimi, tulikariri kwamba shaba inaua kwa kuzalisha kemikali kali za oksijeni, basi. Fundisha hili la vishada pia, lina ushahidi mzuri.

Basi seli inataka shaba, ila haitaki hata chembe moja ya shaba iliyo huru. Kila atomu lazima iwe mikononi mwa protini fulani. Hapo nataka tukae kidogo na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii.

E. coli ana protini inayoitwa CueR ambayo kazi yake ni kupima shaba. Mwaka 2003 ilipimwa inaanza kushika shaba kwenye mkolezo gani. Jibu lilikuwa moli 10 kwa kipeo cha hasi 21 katika lita moja. Mwambie msichana wako achukue ujazo wa seli moja ya bakteria, kadiri ya lita 10 kwa kipeo cha hasi 15, aweke ndani yake ioni moja tu ya shaba, kisha akokotoe mkolezo. Atapata kama nanomoli 1.7 kwa lita. Ioni moja katika seli nzima ni mkolezo mkubwa zaidi ya mara trilioni kuliko ule ambao CueR inauhisi! Kwa lugha ya kawaida: kiwango kinachokubalika cha shaba isiyo na mwenyewe ndani ya seli ni sifuri. CueR haingoji shaba ijae ndipo ishtuke.

Sasa inajuaje? Inajua kwa kuguswa. CueR ina mfuko mdogo wenye amino asidi mbili aina ya sisteini, na kila sisteini ina atomu ya salfa. Shaba iliyo ndani ya seli huwa na chaji moja ya chanya, na ioni ya namna hiyo inapenda kushikwa na salfa mbili zilizokaa mkabala, moja huku na moja kule, kama mtu anayeshikwa mikono yote miwili. Ikishikwa hivyo, protini inajikunja kidogo. Ioni za madini ya fedha na za dhahabu, zenye chaji moja vilevile, zinaingia mfuko huo huo na kuidanganya CueR. Zinki ina chaji mbili na inataka kushikwa na mikono mingi zaidi, kwa hiyo haiwezi. Hakuna ubongo uliohitajika hapo. Umbo la mfuko ndilo linalochagua, na mkunjo wa protini ndio habari yenyewe.

Habari hiyo inafikaje kwenye jeni? Hapa chukua kikwembe, Mama, na ukipeleke darasani.

Mwanzoni mwa kila jeni kuna sehemu iitwayo promota. Mashine inayosoma jeni, polimerasi ya RNA, lazima ishike promota mahali pawili: alama moja iko kama herufi 35 za DNA kabla ya mwanzo wa kusomwa, nyingine kama herufi 10. Kati ya alama hizo mbili kwa kawaida kuna herufi 17. Katika jeni za kujikinga na zebaki, ambazo ndizo zilizochunguzwa mapema na kwa kina zaidi katika ukoo wa protini za namna ya CueR, kuna herufi 19. Mbili tu zimezidi. Lakini DNA imesokotwa, na kila herufi inageuza kamba kwa digrii kama 34. Herufi mbili za ziada zinafanya alama ya pili itazame upande mwingine, kwa karibu digrii 70. Polimerasi inashika moja na nyingine haiifikii vizuri.

Mpe mwanafunzi mmoja ncha moja ya kikwembe na mwingine ncha ya pili, wakisokote kama wanaokamua maji baada ya kufua. Chora kwa chaki alama mbili, zote zikitazama juu. Halafu ongeza msokoto kati yake: alama moja inabaki juu, nyingine inakwenda pembeni. Hiyo ndiyo promota iliyofungwa. Sasa mwanafunzi wa tatu ashike katikati kwa mikono miwili na kulegeza msokoto kidogo mpaka alama zote mbili zitazame juu tena. Mwanafunzi huyo wa tatu ni protini iitwayo MerR, ndugu wa CueR, ikiwa imeshika zebaki. Haivuti polimerasi wala haiisukumi, inalegeza kamba.

Kuna jambo moja ndani ya hilo ambalo vitabu vya shule havilisemi na mimi naliona la ajabu. MerR haiji mbio kutoka mbali zebaki inapoingia. Imekaa pale pale kwenye DNA tangu mwanzo, bila zebaki, na polimerasi nayo mara nyingi imeshafika na inasubiri. MerR isiyo na metali inaikunja DNA namna inayozuia kusomwa. Ikipata ioni moja ya zebaki, ikaishika kwa sisteini tatu, inageuka kuwa inayoruhusu. Protini ile ile, mahali pale pale, ni kizuizi na kifunguo. Ndiyo maana mwitikio ni wa haraka.

Si bakteria wote wala si metali zote zinatumia njia hiyo. Kwa aseniki kuna ArsR, ambayo ni kizuizi cha kawaida: imelala juu ya promota, ikishika aseniki inaachia DNA na kuondoka, polimerasi inapita. Sayanobakteria, wale wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, wana ndugu yake wa zinki, SmtB. Bakteria wa kifua kikuu ana CsoR, iliyoelezwa mwaka 2007, nayo huachia DNA inapopata shaba. Mtaje huyo darasani, kwa sababu watoto watauliza bakteria wa kifua kikuu anakutana wapi na shaba ilhali hakai mgodini. Anakutana nayo ndani yetu. Chembe zetu za damu zinazomeza vijidudu hupeleka shaba ndani ya kijifuko kile kilichofunga bakteria, ili kumuua. Kumbe vita vya shaba si vya Penga Penga peke yake.

Njia nyingine ina mjumbe. E. coli ana utando wa ndani na utando wa nje, na kati yake kuna nafasi. CueR inalinda ndani kabisa. Ile nafasi ya kati inalindwa na CusS, protini iliyochomekwa kwenye utando, kichwa kwenye nafasi hiyo na mkia ndani kabisa. Kichwa kikishika shaba, mkia unaipokeza protini nyingine, CusR, kipande cha fosfeti, na CusR inakwenda kufungua jeni za pampu ndefu inayovuka nafasi yote na kutupa shaba nje kabisa. Kila mlinzi ana zamu yake. Jeni zinazofunguliwa na CueR ni mbili: ya CopA, pampu inayotumia ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kutoa shaba kutoka ndani hadi nafasi ya kati, na ya CueO, kimeng'enya kinachoigeuza shaba ya chaji moja kuwa ya chaji mbili, ambayo inapenya utando kwa shida zaidi. Lakini CueO inahitaji oksijeni. Pasipo na hewa haifanyi kazi, na hapo ndipo CusS na pampu yake wanapobeba mzigo mkubwa zaidi. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Sasa swali la pili. Kama shaba iko kila siku, mbona jeni zisibaki wazi?

Jibu linalotolewa upesi ni gharama: kutengeneza protini kunakula chakula, na CopA inakula ATP kila inapofanya kazi. Ni kweli, ila mimi naona jibu hilo peke yake linapunguza uzito wa jambo. Gharama hata mtu tajiri anazo. Kuna sababu mbili nzito zaidi.

Ya kwanza ni kwamba vifaa vya kujikinga vyenyewe ni vya hatari. Angalia jeni za zebaki. Ungedhani bakteria anajikinga kwa kuizuia zebaki isiingie. Anafanya kinyume: ana protini, MerP na MerT, zinazoikamata zebaki huko nje na kuiingiza ndani, ili kimeng'enya MerA kiigeuze kuwa zebaki isiyo na chaji, ambayo inakuwa mvuke na kuondoka. Mpango huo unafaa tu ikiwa MerA iko tayari. Bakteria waliokatwa jeni ya MerA maabara na kubakishwa na MerT wanakufa kwa zebaki kidogo kuliko hata wale wasio na kinga kabisa, kwa sababu wameacha mlango wazi na ndani hakuna mwenye kumpokea mgeni. Ndiyo sababu jeni hizi zimepangwa mstari mmoja, nyuma ya promota moja, zisomwe pamoja au zisisomwe. Na pampu ya shaba isiyozimika ingeendelea kutoa shaba hata ile ambayo vimeng'enya vya kupumua vinaihitaji.

Ya pili ni kwamba shaba yetu haiko "kila siku" kama tunavyodhani sisi tunaoitazama kutoka juu. Sisi tunapima shaba yote iliyomo katika kilo ya udongo. Bakteria haoni kilo ya udongo. Anaona tabaka la maji linalozunguka chembe moja ya mchanga, na katika maji hayo, zile ioni tu zilizoachiwa. Shaba iliyofungwa ndani ya jiwe la malakiti au iliyonaswa na mboji kwake ni kana kwamba haipo. Udongo ukiwa na asidi zaidi, ioni zinaachiwa. Ukiwekewa chokaa, zinanaswa. Katika kiangazi, kuanzia Mei, maji yanakauka na bakteria wengi wanalala. Mvua za kwanza zikinyesha, vumbi la miezi mingi linayeyushwa kwa siku moja. Mvua ikizidi Januari na maji yakasimama bondeni, hewa inakosekana ndani ya udongo, na shaba inageuka kuwa ya chaji moja, ile iliyo kali zaidi kwa seli. Nilikuambia uweke akilini habari ya oksijeni: katika bonde lililofurika CueO haina la kufanya, ni pampu ya Cus inayookoa. Mwezi mmoja baadaye maji yamepungua na mambo yamegeuka tena. Na hatua moja kutoka hapo, chini ya mzizi wa nyasi, kuna mboji iliyonasa kila kitu. Bakteria mmoja anaweza kusukumwa na maji kutoka mahali pa kwanza hadi pa pili katika saa moja. Jeni zilizofungwa kabisa zingemuua huku, zilizo wazi kabisa zingemdhoofisha kule.

Kwa hiyo mwambie msichana wako hivi: panapobadilika namna hiyo, kuwa na jeni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuifungua kwa wakati na kuifunga kwa wakati.

Tumeona wenyewe maabara kazi hiyo inavyoonekana kwa macho. Ukichukua bakteria kutoka udongo wenye shaba, ukawakuza kwenye mchuzi usio na shaba, kisha ukawatia ghafla kwenye mchuzi wenye shaba nyingi, wanasimama. Mchuzi unabaki mwangavu, na mwanafunzi mgeni anakuja kukuambia wamekufa. Mwambie asubiri. Baada ya muda mchuzi unaanza kuwa na mawingu. Ndugu zao walioonjeshwa shaba kidogo kabla hawasimami, wanaendelea kukua. Jeni ni zile zile. (Usilifanye jaribio hili shuleni, Mama. Bakteria wa udongo wasiojulikana hawafai kuzalishwa darasani pasipo vifaa. Kikwembe kinatosha.)

Na kufunga je? Watu husahau kuuliza, na mimi niliwahi kudhani CueR iliyoshika shaba hubaki tu pale hadi ioni idondoke yenyewe. Shaba ikishikwa kwa nguvu ile haidondoki upesi. Watafiti waliofuatilia molekuli mojamoja za CueR, na kuchapisha kazi yao mwaka 2012, waliona kwamba CueR nyingine, isiyo na shaba, inaweza kuja na kuchukua nafasi ya ile yenye shaba moja kwa moja juu ya DNA. Pampu zikishafanya kazi yake, CueR tupu zinakuwa nyingi, zinawapokea zamu wenzao, na msokoto wa DNA unarudi ulivyokuwa.

Kweli wapo walioharibika swichi hiyo ya kufungua na kufunga. Katika maabara, E. coli wakikuzwa penye madini ya fedha kwa muda, wanatokea wenye mabadiliko kwenye jeni ya CusS yanayoifanya ipige kelele muda wote, na pampu yao haizimiki. Kwa hiyo kubaki wazi kunawezekana. Kwamba karibu kila bakteria wa metali tuliyemchunguza bado anatunza swichi yake, hata aliyetoka penye uchafu wa miaka mingi, kwangu ni ushahidi mkubwa kwamba swichi inamlipa.

Mfano maarufu kuliko wote ni bakteria anayeitwa Cupriavidus metallidurans, aina ya CH34. Jina la kwanza ni la Kilatini, mpenda shaba. Alipatikana mwaka 1976 kwenye tope la tangi la kiwanda cha zinki huko Engis, karibu na Liège, Ubelgiji, na timu ya Max Mergeay. Jamaa zake walipatikana baadaye katika maeneo ya migodi ya huku kwetu Katanga, na sikushangaa. CH34 ana plasmidi mbili kubwa, pMOL28 na pMOL30, yaani duara za DNA zilizo nje ya kromosomu, na humo ndimo zilimo jeni zake nyingi za kobalti, nikeli, zinki, kadimi, zebaki na shaba. Hata yeye, aliyetoka ndani ya tangi la zinki, anazidhibiti. Kwa kobalti na nikeli ana utaratibu wa watatu: CnrH anayeweza kuielekeza polimerasi kwenye jeni, CnrY anayemshikilia CnrH asiende, na CnrX anayeihisi metali nje ya utando na kusababisha CnrH aachiliwe.

Hizo plasmidi ndizo zinazoniogopesha, na hili wanafunzi wako walijue. Plasmidi inaweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na mara nyingi jeni za metali husafiri kapu moja na jeni za kushinda dawa za antibiotiki. Kipande cha DNA kiitwacho Tn21 kimebeba jeni za zebaki, ikiwemo MerR, pamoja na jeni za kushinda streptomisini na dawa za salfa. Mahali palipo na zebaki pekee, bila kidonge hata kimoja, bakteria mwenye Tn21 anashinda wenzake na kuzidisha pia ukinzani wa dawa. Katika mashamba ya nguruwe wanaolishwa shaba, bakteria wa utumboni walipatikana na jeni za shaba kwenye plasmidi zenye jeni za kushinda antibiotiki. Mji uliojengwa juu ya metali una sababu zaidi ya kutomeza antibiotiki ovyo.

Sasa lengalenga. Shaba ni elementi. Hakuna bakteria awezaye kuivunja. Pampu inaitoa ndani ya seli na kuiacha nje ya seli, papo hapo shambani. Zebaki ndiyo yenye njia ya kuondoka, kwa kuwa mvuke, na hata hiyo imehamia hewani tu. Bakteria wanaweza kusaidia kuinasa metali kwenye maji ya kiwanda ndani ya matangi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Bustani ya Katuba si tangi. Na si shaba tu: utafiti uliochapishwa 2009 na watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya metali hapa Katanga, watoto wakiwemo. Majani yaoshwe kwa maji mengi, kwa sababu vumbi lililo juu ya jani linaondoka. Kilichopanda kupitia mzizi hakioshwi.

Lililo mikononi mwa mkulima ni chokaa na samadi iliyooza. Haviondoi shaba. Vinaizuia isiachiwe. Na hapo bakteria wana kazi ambayo wengi hawaifikirii: kutuambia kama imefanikiwa. Katika maabara kadhaa duniani watu wameichukua promota inayolindwa na CueR au MerR na kuiunganisha na jeni ya kutoa mwanga. Bakteria huyo akihisi metali, anang'aa. Kadiri anavyoihisi zaidi, anang'aa zaidi. Mtie kwenye maji yaliyochujwa kutoka udongo wenye asidi na shaba, pima mwanga. Changanya udongo ule ule na chokaa na samadi, ngoja, pima tena. Mashine ya kupima shaba yote itakupa namba ile ile kabla na baada. Bakteria atakuwa amefifia.